Baiskeli Inapita Juu ya Bati: Matatizo ya Kamera ya Juu na ya Mshazari Kwenye Magemu, na Dawa Zake

Kijana mmoja alinifuata kibarazani jioni, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la supu ya moto. Kwenye kioo kulikuwa na mtaa wa Ngamiani alioujenga mwenyewe kwa wiki tatu: nyumba za bati, baraza zake, mwembe kwenye kona, na muuza samaki juu ya baiskeli, tenga limefungwa nyuma kwa mpira. Akabonyeza kishale. Baiskeli ikaacha barabara, ikapita juu ya bati la nyumba ya watu, ikatokea upande wa pili. "Mwalimu, nimechora vibaya?" Hapana. Alikuwa amechora vizuri mno. Kasoro ilikuwa kwenye hesabu inayounganisha ramani na kamera, na hiyo ndiyo kasoro ninayoletewa karibu kila wiki na vijana wanaotengeneza magemu hapa Tanga.

Wengi wao huanza na kamera inayotazama kutoka juu, na wanafanya vyema. Haitaki kompyuta ya gharama, na mji wetu unaipokea: Ngamiani imepangwa kwa barabara zilizonyooka zenye namba, Barabara ya 8, ya 9, ya 10, kila moja sambamba na mwenzake. Chukua karatasi ya hesabu yenye visanduku, tayari una ramani. Kazi huanza pale visanduku hivyo vinapogeuzwa kuwa picha.

Kabla ya dawa: ardhi na kioo

Kamera hizi ni za namna tatu. Ya wima hutazama chini moja kwa moja kama mwewe. Unaona utosi wa mtu na mabati tu. Ya pili huinama kidogo, paa na ukuta wa mbele vinaonekana pamoja, lakini barabara bado zinakwenda juu na chini, kushoto na kulia. The Legend of Zelda ya 1986 ilichorwa hivyo. Ya tatu ni ya mshazari, ambayo wengi huiita isometriki. Ramani yote imegeuzwa nyuzi 45 kisha kamera ikainamishwa, kwa hiyo unaona paa na kuta mbili za kila nyumba, na kigae cha ardhi, yaani kisanduku kimoja cha ramani, kinapata umbo la kashata. Mchoro wa namna hii ni mkongwe kuliko kompyuta. William Farish wa Cambridge aliueleza kwa kanuni mwaka 1822, kwa ajili ya michoro ya mashine. Magemu yaliuchukua mapema: Zaxxon ya Sega na Q*bert ya Gottlieb zote ni za 1982.

Sasa shika hili, maana dawa karibu zote zilizo chini zinatoka hapa. Gemu lako lina ardhi, na lina kioo. Ardhini kuna hatua, kuta na umbali halisi. Kwenye kioo kuna pikseli tu. Mahali pa kitu ardhini pahesabu kwa vigae, x upande mmoja na y upande wa pili. Daraja kati ya ardhi na kioo, kwa vigae vya pikseli 64 kwa 32, ni hili:

kioo_x = (x − y) × 32
kioo_y = (x + y) × 16

Kigae kilichopo x 5 na y 2 ardhini kinaangukia pikseli 96 kwenda kulia na 112 kwenda chini. Gemu likigoma, kabla hujafuta mstari wowote wa msimbo, jiulize: namba hii ninayoishika ni ya ardhini au ya kioo? Mara nyingi utakuta namba ya ardhini imeingizwa kwenye kioo bila kuvuka daraja, au ya kioo imerudishwa ardhini kwa mlango wa nyuma.

"Nabonyeza juu, baiskeli inakwenda pembeni"

Hapa kishale kinaongeza au kupunguza y ya ardhini peke yake. Ardhi imegeuzwa nyuzi 45, kwa hiyo y ikipungua, baiskeli inakwenda juu na kulia. Ukitaka kishale cha juu kimpeleke mtu juu ya kioo, punguza x na y kwa pamoja. Kulia ni x kuongezeka na y kupungua. Chini na kushoto ni kinyume chake.

Lakini usikimbilie kubadilisha. Kuna magemu ambayo ni afadhali vitufe vifuate barabara, si kioo, na gemu la baiskeli mjini linaweza kuwa mojawapo. Kwenye mashine ya Q*bert waliamua kuugeuza usukani wenyewe nyuzi 45 ili mkono wa mchezaji ulingane na mshazari wa picha. Kwenye simu, ambako kidole gumba kinasukuma duara na kinaweza kuelekea popote, nashauri ufuate kioo. Kwenye kompyuta yenye vishale vinne tu, mpe mchezaji achague mwenyewe kwenye mipangilio. Nimeshuhudia watu wawili, kaka na mdogo wake, wakigombea kompyuta moja kwa sababu hii tu, na wote wawili walikuwa na haki.

Kuna ndugu wa tatizo hili ambaye ni msumbufu zaidi kwa sababu hajitokezi wazi. Mchezaji anabonyeza juu na kulia kwa pamoja ili afuate barabara, lakini baiskeli inakwenda taratibu ikikwaruza kuta za upande mmoja. Barabara yako kwenye kioo imelala nyuzi 26.565, kwa sababu kigae kina upana mara mbili ya kimo chake. Baiskeli yako inakwenda nyuzi 45 za kioo, kwa sababu umeisogeza kwa pikseli sawa kulia na juu. Nyuzi 45 na nyuzi 26 haziwezi kuwa njia moja. Dawa ya haraka ni kuzidisha mwendo wa juu na chini kwa nusu. Dawa ya kudumu ni kusogeza baiskeli ardhini kwanza, kisha kuivusha kwa daraja lile lile linalovusha kila kitu.

Ukishafanya hivyo, jiandae kwa lalamiko jipya: "Mbona nikienda juu inakuwa nzito?" Ni kweli kwa macho. Hatua moja ya ardhini ikielekea kulia kwa kioo ni pikseli 45, ikielekea juu ni kama 23. Ardhi imebanwa kwa kutazamwa mshazari, kwa hiyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukiongeza mwendo wa juu pekee, barabara na baiskeli zitaachana tena. Afadhali uongeze mwendo wote.

Nani mbele, nani nyuma

Turudi kwa bati la jirani. Kwenye Godot, injini (programu) ya kutengenezea magemu, kuna swichi ya kuonyesha maumbo ya migongano, yaani mipaka inayozuia vitu kupenyana, wakati gemu linaendeshwa. Tuliiwasha, tukaitazama baiskeli ikipita. Umbo la baiskeli na umbo la msingi wa nyumba hayakugusana hata kidogo. Baiskeli haikupanda ukuta wowote. Ilikuwa inapita uchochoroni, nyuma ya nyumba, ila ilichorwa baada ya nyumba, ikaonekana iko juu ya paa. Kipimo hiki kifanye wewe pia kabla hujaanza kujenga kuta upya. Maumbo ya chini yakiingiliana, ukuta wako una tundu. Yakiachana, ukuta ni mzima na kosa liko kwenye zamu ya kuchora.

Injini huchora vitu kwa zamu, na kinachochorwa mwisho hufunika vilivyotangulia. Kanuni ni moja: aliye karibu zaidi na kamera achorwe mwisho. Ardhini, ukaribu huo ni x + y. Kwenye kioo ni urefu wa kwenda chini, yaani kioo_y, kwa sharti kwamba unapima pale kitu kinapogusa ardhi: nyayo za mtu, matairi ya baiskeli, msingi wa nyumba. Kijana wetu alikuwa anapima katikati ya picha. Nyumba yake ina kimo cha pikseli 128 pamoja na paa, kwa hiyo katikati yake iko juu sana, na baiskeli iliyo nyuma ya nyumba ikahesabiwa kuwa iko mbele. Tukashusha kitovu cha picha, ile nukta inayopimiwa, hadi kwenye msingi, upande unaotazama kamera. Kazi ya dakika mbili, na muuza samaki akapita nyuma ya nyumba kama watu wengine.

Ukiwa kwenye Godot na bado zamu inakosewa ingawa vitovu viko sawa, angalia kama upangaji wa Y, ule unaopanga zamu kwa kioo_y, umewashwa kote: kwenye kitu mzazi, na kwenye tabaka la vigae lenye nyumba. Ukiuwasha kwa mzazi tu, nyumba zote huhesabiwa kama kitu kimoja. Kisha angalia namba ya Z, inayolazimisha kitu kichorwe juu au chini ya vingine. Mtu akikosa subira humpa mhusika Z kubwa "ili aonekane", na tangu hapo mhusika hapangwi tena na wenzake, maana upangaji wa Y hufanya kazi kati ya vitu vyenye Z moja. Kwenye Unity, injini nyingine, mhimili wa kupangia picha uwe 0, 1, 0.

Halafu kuna vitu virefu, na hapa ndipo vijana wengi wanakata tamaa. Tulikuwa tunajenga kwenye gemu mwalo wa Deep Sea, wanaposhushia samaki hapa Tanga, boti zimevutwa juu ya mchanga, wachuuzi wanazunguka na ndoo. Boti moja ilikuwa na urefu wa vigae vinne. Mchuuzi akisimama upande wa tezi, sawa. Akisogea upande wa omo, anazama ndani ya mbao. Ukirekebisha omo, tezi inaharibika. Mchoraji alihamisha namba huku na huko jioni nzima.

Tuifanye kwa hesabu. Boti imelala kuanzia x 0 hadi 4, na y 2 hadi 3. Kitovu chake ni 2 na 2.5, jumla 4.5. Mchuuzi amesimama x 0.5 na y 3.2. Ubavu wa boti unaishia y 3, kwa hiyo mchuuzi yuko mbele yake, upande wa kamera. Lakini jumla yake ni 3.7, ndogo kuliko 4.5, kwa hiyo anachorwa kabla ya boti, na boti inamfunika. Namba moja haiwezi kusema ukweli wa kitu chenye urefu wa vigae vinne. Ikate boti vipande vinne, kila kipande na kitovu chake. Kipande cha kwanza kinakuwa na jumla ya 3.0, mchuuzi anachorwa baada yake, anaonekana mzima. Kipande cha pili kina 4.0 na kinachorwa baada ya mchuuzi, lakini hakimfiki, kwa sababu kwenye kioo kinaanzia kulia kwake. Ukuta mrefu, lori, gogo lililoanguka, vyote dawa yao ni hiyo. Kama picha haikatiki, kwa mfano boti inayoelea na kuzunguka, acha kulinganisha vitovu na ulinganishe mipaka: kama x ndogo kabisa ya mmoja inaanzia pale x kubwa ya mwenzake inapoishia, au mbele ya hapo, huyo yuko mbele, kama si x, jaribu y. Ni msimbo mrefu zaidi, kwa hiyo mimi hukata kwanza.

"Nimegusa nyumba hii, imechaguliwa ya jirani"

Kugusa ni kurudi kutoka kioo hadi ardhi, na daraja la kurudi ni hili:

x = (kioo_x ÷ 32 + kioo_y ÷ 16) ÷ 2
y = (kioo_y ÷ 16 − kioo_x ÷ 32) ÷ 2

Jaribu na namba zetu za mwanzo: 96 kwa 32 ni 3, 112 kwa 16 ni 7. Jumla 10, nusu yake 5. Tofauti 4, nusu yake 2. Tumerudi nyumbani.

Kama mguso unakosea kwa kigae kimoja kila mahali, sababu kubwa ni nusu kigae iliyosahaulika. Hesabu inadhani pikseli 96 kwa 112 ni ncha ya juu ya kashata. Lakini injini nyingi huiweka picha kwa kona yake ya juu kushoto, na ncha ya kashata iko pikseli 32 kulia mwa kona hiyo. Gusa katikati kabisa ya kigae chetu, pikseli 128 kwa 128. Bila marekebisho unapata x 6 na y 2, yaani mpakani mwa jirani. Toa 32 kwenye kioo_x kwanza, utapata 5.5 na 2.5, katikati ya kigae hasa.

Kama kosa linakua kadiri unavyosogea kutoka mwanzo wa ramani, umesahau kujumlisha mahali kamera ilipo, au umesahau kugawa kwa ukuzaji. Kama kosa liko ukingoni mwa ramani tu, pale namba zinapokuwa hasi, unakata desimali badala ya kushusha: minus 0.3 iwe minus 1, isiwe 0. Na kama kosa liko vilimani tu, ni kwa sababu kitu kilichoinuka kimesogea juu kwenye kioo na hesabu haina habari ya kimo. Anza kupima kutoka kwenye vigae vya juu kabisa, ushuke, wa kwanza kupokea mguso ndiye.

Mpira uko angani, au umeenda mbali?

Watoto kwenye gemu wanacheza mpira kiwanjani. Mmoja anaupiga juu. Kila aliyejaribu gemu lile alidhani mpira umeenda nyuma ya goli. Hawakukosea kuona. Kwa kamera ya mshazari, kitu kinachopanda na kitu kinachoenda mbali husogea sawa kwenye kioo, kwenda juu, na picha haitoi dalili ya kuvitofautisha. Monument Valley ya 2014 ilijenga mafumbo yake mengi juu ya udhaifu huu wa jicho: njia mbili zilizoachana kimo zinaonekana zimeungana, na mtu anapita.

Wewe kama hutaki fumbo, weka kivuli. Zaxxon walilijua hili mapema kabisa. Ndege yao ina kivuli chini, na pembeni ya kioo kuna kipimo cha kimo. Kivuli kikae kwenye x na y za mpira ardhini, kisiguswe na kimo. Kosa la kawaida ni kukifanya kivuli mtoto wa picha ya mpira, kikapaa nao. Mzazi awe nukta ya ardhini isiyoonekana, na watoto wake wawe wawili: kivuli kinachobaki, na mpira unaopanda. Zamu ya kuchora pia ifuate nukta hiyo. Kipunguze kivuli kidogo mpira ukipanda, jicho litaelewa lenyewe.

Vigae havikutani, au nyumba za pembeni zimelala

Ukisafiri kwa basi kutoka Segera kuja Tanga, tazama mashamba ya katani dirishani. Mistari inafunguka mbele yako kama kipepeo cha ukili, na kule mbali inakutana. Ndivyo jicho linavyoona. Kamera ya mshazari haioni hivyo. Kwake mistari ya katani haikutani kamwe. Iliyo karibu na iliyo mbali ina upana mmoja. Kama unajenga kwa umbo la pande tatu na ukaona nyumba za ukingoni zinainama au zinapungua, kamera yako bado ni ya jicho. Ibadilishe iwe sambamba, ile inayoitwa othografiki. Ukishaibadilisha, kuisogeza mbele na nyuma hakutakuza wala kupunguza picha. Ukubwa una kipimo chake peke yake. Kwa hiyo kama mapaa yanakatwa nusu, irudishe kamera nyuma bila hofu. Vivuli vikitoweka baada ya hapo, umeirudisha mbali kuliko umbali wa vivuli.

Kosa la nyuzi ni jingine, na limewapotezea watu siku nzima za kazi. Namba 30 inatokea mahali pawili, na maana yake si moja. Isometriki halisi ina mistari iliyolala nyuzi 30 kwenye picha, na kamera yake imeinama nyuzi 35.264. Mshazari wa magemu ya pikseli, ule wa mbili kwa moja, una mistari ya nyuzi 26.565, na kamera imeinama nyuzi 30. Mtu husoma "30" mahali fulani, akaiweka asikopaswa. Pima kigae chako: kama upana ni 64 na kimo ni 37 badala ya 32, umetumia isometriki halisi. Kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo ya pande tatu, kamera isiyogeuzwa hutazama chini, kwa hiyo mzunguko wa X ni 60 kwa mbili kwa moja, na 54.736 kwa isometriki halisi. Mzunguko wa Z ni 45 kwa zote.

Nywele kati ya vigae, na picha inayotetemeka

Mistari myembamba kati ya vigae inatokea kamera inaposimama kwenye nusu pikseli na picha ikachota rangi ya kigae jirani ndani ya faili. Weka uchujaji wa pikseli ya karibu, kuza kwa namba kamili, kadiria mahali pa kamera hadi pikseli kamili iliyo karibu, na kwenye faili ya vigae rudia pikseli moja ya ukingo kuzunguka kila kigae.

Kutetemeka ni suala la mapigo. Mhusika anasogezwa na fizikia, mara 60 kwa sekunde kwenye Godot usipobadilisha, na kamera inasogezwa kila fremu, ambayo kwenye simu nyingi za siku hizi ni 90 au 120. Kamera inamfuata mtu ambaye hajasogea bado. Wapeleke kwenye pigo moja, kamera baada ya mhusika, au washa ulainishaji wa fizikia.

Mchezaji anapotea nyuma ya nyumba

Hili silihesabu kuwa kosa la msimbo. Ni kosa la kuujenga mji bila kumfikiria mtu anayeutazama. Nyumba yenye kimo cha pikseli 128 inaficha vigae vinne kwa mshazari nyuma yake. Ngamiani nyumba nyingi ni za chini, bahati nzuri, lakini weka ghorofa mbili za mjini zikabiliane na uchochoro wote unazimika.

Njia iliyozoeleka ni kuififisha nyumba inayomfunika mhusika. Ifanye kwa nyumba yenye zamu ya baadaye na ambayo picha yake inamgusa kweli. Ukiifanya kwa umbali, mtaa mzima utakuwa unayeyuka na kurudi kila mchezaji anapokatiza. Usiifute yote pia. Acha kama theluthi moja ya rangi, ili ajue bado kuna ukuta. Mimi napenda zaidi kuchora umbo la mhusika kwa rangi moja juu ya ukuta, nyumba ikabaki nyumba.

Lakini kuna jambo ambalo kufifisha hakulitatui. Kamera ya mshazari huona kuta mbili tu za kila nyumba. Kwenye barabara yoyote, safu moja ya nyumba inakuonyesha baraza na safu ya pili inakupa mgongo. Nusu ya mtaa, yaani nusu ya wateja wa samaki, haina milango! Kijana alikuwa ameiweka milango yote sahihi, kila mmoja ukitazama barabara yake, na wachezaji wakawa wanazunguka wasijue pa kubisha. Tulijaribu kugeuza kamera kwa robo mzunguko kwa kitufe. Ilifanya kazi, ila inataka picha nne za kila nyumba, na kila mgeuko zamu ya kuchora ihesabiwe upya. Tukaishia kwenye njia nyingine: ukingo wa paa la baraza ukatokeza barabarani, kibao cha namba kikasimamishwa mbele, na bibi mmoja kwenye mkeka ambaye kichwa chake kinaonekana juu ya ukingo. Mchezaji akimwona bibi, anajua mlango uko pale.

"Nagonga kabla sijaona"

Hili ni la kamera ya wima zaidi. Kioo cha simu kikilazwa ni kipana kuliko kimo chake. Chukua picha ya 1280 kwa 720 na vigae vya 32: anayekwenda kulia anaona vigae 20 mbele yake, anayekwenda juu anaona 11 tu. Baiskeli ile ile, barabara zenye hatari sawa, lakini moja inaua mara mbili. Sogeza kamera ielekee kule baiskeli inakokwenda, zaidi kwa juu na chini kuliko pembeni, na isogee polepole, la sivyo kila kona itamsukasuka mchezaji. Grand Theft Auto ya 1997, iliyotazama kutoka juu, ilipandisha kamera kadiri gari lilivyoongeza kasi, na wazo hilo bado ni zuri. Kwa mshazari tatizo hili linapungua lenyewe, kwa sababu barabara zote mbili zimelala kwa pembe moja kwenye kioo na kila upande unapata onyo sawa.

Kama umefanya yote hayo na wachezaji bado wanagonga, angalia kama kamera yako ya wima inazunguka pamoja na baiskeli. Mbele panakuwa juu daima, jambo linaloonekana jema, lakini baada ya kona tatu mtu hajui tena bandari iko wapi, na wengine wanapata kizunguzungu. Ifunge kamera, kaskazini ibaki juu, na uiache bahari ionekane kwenye ukingo wa ramani kila anapofika mwisho wa mtaa.